Shangazi, Yule Si Pundamilia

San Diego, California

Kwako Shangazi, na wote mliopo hapo nyumbani Iringa,

Natumaini mahindi yamekauka vizuri na baridi ya mwezi wa sita haijaanza kuyatafuta magoti yako.

Nianze na ile picha, maana simu yangu haijapumzika tangu niitume kwenye kundi la familia. Baba Mdogo ameuliza kama Marekani nako kuna mbuga. Watoto wameuliza kwa nini pundamilia amevaa kofia. Wewe peke yako ndiye uliyeandika, "Huyo mnyama masikio yake marefu mno." Hujakosea, Shangazi. Yule si pundamilia. Ni punda, kapakwa rangi. Tena hapo si Marekani, ni Mexico, katika mji wa Tijuana, ambako kanisa lilitupeleka tukajenge nyumba, tuhubiri na tugawe nguo. Nyumba hatukujenga, mahubiri hayakuhubiriwa, na zile nguo tulirudi nazo tumezivaa.

Nikueleze kwa utaratibu.

Kanisa letu hapa City Heights lina ibada mbili. Asubuhi wanasali Wazungu, kwa muda wa saa moja na dakika chache, wanakunywa kahawa, wanaondoka. Mchana tunaingia sisi wa Kiswahili. Wengi ni Wakongo wa Uvira, Fizi na Bukavu, ambao baadhi yao wamekaa kambi ya Nyarugusu kule Kigoma muda mrefu kuliko wewe ulivyokaa kwenye ndoa. Watanzania tupo wachache, wa kujazia sauti ya tatu. Tunatoka jua likizama. Kila mwaka Wazungu hupeleka msafara wa umisheni ng'ambo ya mpaka, na mwaka huu kamati ikasema twende pamoja ili tuonyeshe umoja. Umoja ulianza na fulana. Fulana za rangi ya chungwa, zimeandikwa mgongoni aya ya Biblia na kifuani jina la kanisa. Wewe uliyeshika kitabu cha fedha cha akina mama usharikani ungeomba kuona risiti. Mimi nilipiga hesabu kimoyomoyo nikapata mifuko mingi ya saruji.

Kiongozi wa msafara ni mhandisi mstaafu, mtu mwema asiye na makuu, mwenye ratiba aliyoifunika kwa plastiki isilowe. Saa tatu na nusu, maombi. Saa nne kasoro dakika ishirini, kuta zinaanza kusimama. Saa saba, chakula. Saa tisa, kugawa nguo. Saa tisa na nusu, ushirika na wenyeji. Huo ushirika ulipewa dakika thelathini, pamoja na kupiga picha.

Pigo la kwanza lilitupata tukiwa bado kwenye maegesho ya kanisa, kabla jua halijachomoza. Shemasi mmoja, ambaye ndiye peke yake katika msafara mzima aliyejua Kihispania, alifungua pasipoti yake kumwonyesha mtoto mihuri, ikaonekana imekwisha muda tangu mwezi wa pili. Akabaki. Wakabaki pia Wakongo wengi wa kwaya, kwa sababu mtu aliyekuja hapa kama mkimbizi akitoka bila hati ya kusafiria ya wakimbizi, kurudi kwake ni mashaka makubwa. Mtu aliyeshapoteza nchi moja hawezi kujifungia nje ya nchi ya pili kwa ajili ya kugawa makoti. Kwaya iliyokuwa ya kujaza basi ikageuka kundi la watu wa kujaza kochi. Mimi sikuwa na wasiwasi, kwa kuwa Mexico haimdai viza mwenye ukaazi wa kudumu wa Marekani. Pasipoti yangu ya Tanzania na grini kadi nilizifunga pamoja kwa mpira wa nywele, nikazitia ndani ya soksi.

Mpaka wenyewe uko karibu. Ni mwendo mfupi kuliko Iringa kwenda Ilula. Barabara kuu namba 5 inaanzia kwenye mpaka wa Kanada, inashuka majimbo matatu, inaishia hapo San Ysidro mbele ya vibanda vya maofisa. Mipaka ya nchi kavu yenye pilikapilika kama huo ni michache duniani. Makumi ya maelfu ya watu huvuka kila siku, na wengi wao hawana jambo kubwa: wanakwenda kazini, shuleni, kwa daktari wa meno. Zamani pande zote mbili zilikuwa Mexico, mpaka vita vilipokwisha mwaka 1848 na California ikaangukia Marekani. Leo kuna ukuta wa chuma unaoshuka milimani ukaingia hadi baharini.

Ukienda kwa gari, Mexico hawakuulizi mengi. Kuna taa. Ikiwaka kijani unapita, ikiwaka nyekundu unaegesha ukaguliwe. Tulikuwa na magari mawili ya abiria. La kwanza lilikuwa na kiongozi, vijana, vifaa vya ujenzi na ratiba. La pili tulikuwamo akina mama, wazee na magunia ya nguo. La kwanza likapata kijani likaenda. Na pale ukishapita huna pa kugeuzia, barabara inakubeba moja kwa moja hadi mjini, na kurudi ni kupanga foleni upya ya kuingia Marekani. Kiongozi alitupungia mkono dirishani akidhani tuko nyuma yake. Sisi tulikuwa tumewashiwa nyekundu.

Ofisa wa forodha alikuwa kijana mpole, kachana nywele vizuri. Alifungua gunia la kwanza akatoa koti. Akafungua la pili akatoa koti. La tatu alilibonyeza tu kwa kidole. Akauliza kwa Kiingereza kama tunakwenda kuuza. Tukasema tunakwenda kugawa. Akatikisa kichwa kwa huruma, akasema nguo zilizokwisha kuvaliwa, mzigo mkubwa namna ile, haziingii hivi hivi bila kibali. Kwa kifupi, Shangazi, tulikamatwa na mitumba.

Wazungu waliokuwa garini mwetu walianza kuomba kimya. Mama Mchungaji hakuomba. Yule mama alivuka Ziwa Tanganyika usiku na cherehani mapajani, hatishwi na meza ya forodha. Alinivuta mkono akaniambia, "Muulize huyu mutoto, nguo ya ku mwili nayo inaombaka kibali?" Nikauliza. Ofisa akacheka, akasema nguo aliyovaa mtu ni yake. Mama Mchungaji hakusubiri nimalize kumtafsiria. Alifungua gunia akaanza kugawa. "Vaa. Wewe vaa. Mzee, vaa."

Mimi nilivaa koti la sufu la kijivu, juu yake jaketi la kuchezea kwenye theluji, juu yake koti la mvua la mtu ambaye, kwa urefu wa mikono ile, lazima alikuwa mchezaji wa kikapu. Mchungaji wetu alipata koti la kike lenye manyoya shingoni na hakulalamika. Bibi mmoja wa Kizungu, mwalimu mstaafu, alivaa manne na kuanza kuona raha ya mchezo. Yule ofisa aligeuka kuangalia ukutani mabega yakimtikisika, kisha akatuonyesha kwa kalamu njia ya kutokea. Magunia mawili ambayo hayakupata miili yaliachwa pale, tukapewa karatasi yenye mihuri.

Basi tukaingia Tijuana tumejaa kama mablanketi yaliyofungwa kwa safari.

Mji wenyewe ni mkubwa, una karibu watu milioni 2, na sehemu kubwa umejengwa kwenye vilima ambavyo mhandisi yeyote angesema havijengeki. Watu wamejenga. Magurudumu chakavu ya magari ya California wameyapanga kama matofali, wakayashindilia udongo ndani, yakawa ngazi na kuta za kuzuia kilima kisiteremke. Milango ya gereji iliyong'olewa kwenye nyumba za Wamarekani imevuka mpaka ikawa kuta za nyumba. Kila paa ni bapa na mbwa yuko juu yake, anabwekea gari lako akiwa usawa wa dirisha la gari linalofuata barabara ya juu. Daladala zao zinaitwa calafia, na kondakta hatofautiani na wa kwetu hata kwa namna ya kuning'inia.

Anwani ilikuwa kwenye ratiba, na ratiba ilikuwa kwenye gari la kwanza. Mchungaji wetu akasema Kifaransa na Kihispania ni ndugu, tusiogope. Alishusha kioo akaanza kuuliza njia kwa Kifaransa, na kila asipoeleweka alipandisha sauti. Watu walitoka madukani kuangalia mwanamume mwenye manyoya shingoni akihubiri barabarani. Mwishowe dereva wa gari la mitungi ya gesi alilisikia jina la yule mchungaji mwenyeji, akatuashiria tumfuate. Tulipanda kilima nyuma ya gari la gesi lenye kipaza sauti kinachopiga muziki wa kuita wateja, na wateja walitoka kweli. Kila nyumba tatu tulisimama auze mtungi.

Sasa fikiria tulichokikuta juu. Kiwanja cha kujengea nyumba kilikuwa tayari, msafara wa kabla yetu ulikwisha kumwaga sakafu ya zege, imenyooka vizuri. Na kwa kuwa hiyo ndiyo sehemu pekee ya tambarare katika mtaa mzima, watu wa mtaa walikuwa wameweka hapo meza, viti vya kukodi, spika mbili na tao la maputo ya waridi. Binti wa mtaa anatimiza miaka 15. Kule Mexico hiyo ni shughuli kubwa: binti anapelekwa kanisani, anavalishwa gauni la kuburuza kama bi harusi, anazungukwa na vijana waliofundishwa dansi kwa miezi, na keki inapanda ghorofa. Katikati ya maputo alisimama kiongozi wetu na fulana yake ya chungwa, nyundo mkono mmoja na futi ya kupimia mkono wa pili.

Mchungaji mwenyeji, kwa Kiingereza cha kuokoteza, alieleza kwamba siku ya nyumba ilisogezwa mbele kwa wiki moja na ujumbe ulitumwa. Kwa nani, hakuna aliyefuatilia. Mwenye nyumba inayojengwa ni bibi yake yule binti, mama mfupi mwenye aproni, na yeye alikuwa na jibu moja tu. Nyumba imesubiri miaka, itasubiri wiki. Binti hafikishi kumi na tano mara mbili.

Kiongozi aliangalia ratiba, akaangalia saa, akaangalia ratiba.

Hapo ndipo nilipoyatambua macho ya wale akina mama wa jikoni. Walikuwa wamesimama pembeni wanatutazama kwa heshima, wanatabasamu, na nyuma ya tabasamu wanajiuliza hawa wageni wote tuwafanye nini. Shangazi, nayajua macho hayo. Ni yako. Ni yale uliyokuwa nayo kila mwezi wa saba, wageni wa Marekani walipofika usharikani na brashi zao kutupakia rangi. Ulikuwa ukiwapa ukuta wa nyuma, ule unaotazama migomba, na wakishaondoka fundi anaupaka upya. Uliwahi kumwambia Mama nikisikia kwamba mgeni hupewa kazi asiyoweza kuiharibu. Nilikuwa mdogo, nikadhani unawadharau. Sasa mimi ndiye niliyevaa fulana ya aya, nimevaa na makoti matatu juu yake, namwangalia mama wa Kimexico akinitafutia ukuta wa nyuma.

Alinipa ndimu. Kisu na beseni la ndimu, nizikate robo robo, na baada ya beseni lile akaja na lingine. Yule mwalimu mstaafu alipewa kitunguu. Vijana wakabebeshwa viti kutoka upande mmoja wa zege kwenda upande wa pili, na nina hakika wengine walivirudisha. Mhandisi wetu, mtu aliyejenga madaraja, alikabidhiwa pampu ya kujazia maputo. Aliifanya kazi ile kwa uaminifu hadi maputo yakaanza kukosa pa kufungwa.

Aliyefanya kazi ya maana siku ile alikuwa mzee mmoja wa Uvira, fundi ujenzi tangu enzi za Mobutu. Yeye hakusubiri kupangiwa. Aliona wanaume watatu wa mtaa wanahangaika na ngazi za magurudumu zilizobomoka, maana wageni wa sherehe walikuwa wanapanda na viatu virefu. Mvua za Tijuana ni chache, za majira ya baridi, lakini zikinyesha kilima kinatembea, na kilikuwa kimetembea na ngazi nne. Mzee alivua koti, akavua la pili, akachukua sululu. Alikagua gurudumu la chini, akalitoa. Wale jamaa wakapinga. Akawaonyesha kwa mkono jinsi linavyopaswa kulala, limeinamia kilimani kidogo, na la juu yake likae katikati ya mawili ya chini. Wakanyamaza, wakaenda kuleta udongo.

Alipokuwa analisema vibaya gurudumu la tatu, kwa Kiswahili, tukasikia sauti kutoka ngazi za juu: "Muko ba wapi?"

Kijana wa Uvira. Huko huko juu ya kilima, ameshika trei ya soda.

Usishangae sana. Tangu mwaka 2016 Tijuana imepokea maelfu ya Wahaiti waliokuja kutaka kuvuka kwenda Marekani. Milango ilipobana, wengi wakabaki, wakafungua saluni na migahawa. Waafrika nao wamekuwa wakipita njia hiyo hiyo, Wakameruni, Wakongo na wengine: ndege hadi Amerika ya Kusini, kisha mabasi, kisha kwa miguu kupitia msitu wa Darién, pale Colombia inapokutana na Panama, usio na barabara, halafu nchi baada ya nchi hadi mpakani. Kijana huyu alitueleza safari hiyo kwa sentensi mbili na hakutaka ya tatu. Sasa anafanya kazi kwenye kiwanda cha kuunganisha televisheni, anaongea Kihispania kama mwenyeji, na kaka yake wa tumbo moja anaishi mtaa wa pili kutoka kwangu hapa City Heights. Hawajaonana tangu kambini. Mchungaji aliandika namba zake za simu kwenye ile karatasi ya forodha, akaikunja mara nyingi.

Basi msafara ukawa umepata mkalimani. Ila kijana hajui Kiingereza, na Wazungu wetu hawajui Kiswahili, kwa hiyo ikabidi tupange mstari. Bibi wa binti akisema kwa Kihispania, kijana anaileta kwa Kiswahili, mimi naipeleka kwa Kiingereza. Kiongozi akijibu, maneno yanarudi njia ile ile. Kwa alasiri nzima Wamarekani hawakuweza kuongea na Wamexico, majirani zao wa mpaka huu tangu 1848, mpaka wapitie Uvira na Iringa. Nilijisikia mtu mkubwa kidogo, sikufichi.

Hotuba ya bibi ilikuwa fupi. Kijana, ambaye baba yake alikuwa mwinjilisti, aliirefusha, akaweka na Ayubu ndani yake. Mimi nikaipunguza. Kiongozi alilia mahali ambapo bibi, nadhani, alikuwa anawaambia watu waje kuchukua sahani.

Tulikula pozole. Ni makande yetu kabisa, Shangazi, mahindi yaliyokobolewa na kuchemshwa hadi yakafunguka, wenzetu wakayatia nyama ya nguruwe na pilipili nyekundu, na juu yake kabichi mbichi, giligilani, na ndimu. Ndimu zangu. Kwaya ya kochi moja iliimba nyimbo zake, watu wa Mexico wakaitika kwa makofi yanayopishana na yetu, spika zikazimwa ili tumalize na zikawashwa kabla hatujamaliza. Binti alicheza na baba yake, kisha na wale vijana, kisha na mzee wa Uvira, aliyekuwa ametoka kunawa mikono.

Makoti yakaja baadaye. Kiongozi alikuwa bado ana kifungu kimoja cha ratiba kinachowezekana: kugawa nguo. Tukavua, tukapanga juu ya meza. Akina mama wakaja, wakashika kola, wakageuza ndani kuangalia mshono, wakatazama zipu. Mmoja alirudisha lile la manyoya kwa adabu kubwa, akamwambia kijana neno, kijana akacheka peke yake kabla ya kutupasha. Kule kuna masoko ya mitumba ya mitaani kila wiki, mali yenyewe inatoka California, na wao hununua belo za gredi ya kwanza. Hizi zetu walisema tukae nazo, maana kuna baridi njiani. Mama wa ndimu alinifunga mwenyewe vifungo vya koti la sufu.

Tukaondoka jua likielekea chini, tumebebeshwa mfuko wa tamale, ambazo ni unga wa mahindi uliotiwa nyama, ukafungwa kwa maganda ya hindi na kupikwa kwa mvuke. Nyama ilikuwa kitimoto. Shika hilo, lina maana mbele.

Wazungu walitaka kupita Avenida Revolución, mtaa wa watalii. Hapo kuna mgahawa ambao inasemekana ndipo ilipozaliwa saladi ya Caesar mwaka 1924, mikononi mwa Mwitaliano aitwaye Caesar Cardini. Ni majani, mkate mkavu na jibini, na dunia nzima inalipia. Marekani ilikuwa imepiga marufuku pombe tangu 1920, hivyo watu wa California walikuwa wakivuka kwa wingi kuja kunywa, na walevi lazima wale kitu. Walianza kuvuka mpaka huu kwa kiu, mambo ya nyundo na fulana yamekuja baadaye.

Na kwenye kona, akiwa amefungwa kwenye mkokoteni uliopambwa, ndipo aliposimama yule wa kwenye picha. Zamani za picha nyeusi na nyeupe, wapiga picha wa mtaa huo walikuwa na punda weupe ambao hawaonekani vizuri kwenye picha, wakawachora mistari. Picha za rangi zikaja, mistari ikabaki, sasa ni fahari ya mji hata timu yao ya mpira wa kikapu inaitwa kwa jina la mnyama huyo. Kiongozi akaniita mbele ya wote. "Wewe unatoka Afrika, unasemaje?" Mimi, niliyezaliwa jirani na Ruaha. Nilimzunguka. Mbavuni walikuwa wamejitahidi, mistari inapanda vizuri. Miguuni fundi alichoka. Usoni mistari ilipita juu ya nyusi ikampa mshangao wa kudumu. Nikasema masikio marefu mno. Mwenye punda, bila kuelewa neno, akanivalisha kofia na kutudai dola.

Foleni ya kurudi Marekani ilitushika saa nyingi, na foleni ile ni soko. Kati ya magari wanapita wauza churro zenye sukari na mdalasini, sanamu za plasta, picha za Karamu ya Mwisho, watoto wa mbwa. Mchungaji alinunua blanketi zito lenye picha ya chui, sawa na lile lililokuwa kwenye kitanda cha Babu, akalipia bila kupatana. Mkewe hajamsamehe. Tulipokaribia vibanda, yule mwalimu mstaafu akakumbuka kwamba nyama ya nguruwe kutoka Mexico hairuhusiwi kuingizwa Marekani. Mama Mchungaji akauliza, tumboni je? Hakuna aliyekuwa na jibu, lakini wote tulielewa. Mfuko ulipita kiti hadi kiti. Tulikula tamale tukiwa tumeshiba pozole, tumevaa makoti matatu matatu, madirisha yamefungwa, chui wa blanketi anatutazama.

Ofisa wa Marekani aliinama dirishani akatuangalia kwa muda.

"Mlikwenda Mexico kufanya nini?"

"Kujenga nyumba," akasema dereva wetu.

"Mmejenga?"

Kimya. Tulikuwa tunatafuna. Kutoka kiti cha nyuma mzee wa Uvira, kwa Kiingereza alichonacho, akajibu: "Ngazi."

Tukapita.

Jumapili iliyofuata kiongozi alitoa ripoti mbele ya kanisa. Alionyesha picha za maputo, akasema tumejenga mahusiano. Nyumba yenyewe ilijengwa siku yake mpya na watu wa mtaa pamoja na msafara mwingine, na yule mzee wa Uvira alirudi kwa nauli yake mwenyewe kuwasimamia. Kaka wa yule kijana ameshapata ile karatasi, na wanaongea kila usiku. Makoti yapo stoo ya kanisa.

Sasa, Shangazi, sababu hasa ya barua hii. Kiongozi amevutiwa. Ameniuliza maswali mengi kuhusu Iringa, mvua zinaanza lini, kilima kikoje, kama kuna sehemu ya tambarare. Mwakani mwezi wa saba anataka kuleta msafara hapo usharikani, na nimeona kwa macho yangu ameanza kukata plastiki ya ratiba. Nimemwambia hesabu zote zitapitia kwako kwanza. Kwa hiyo naomba unitumie mapema bei ya mfuko wa saruji, ya bati na ya tripu ya mchanga. Bei ya kweli, si ile mnayowaambia wageni.

Binti yako,
San Diego